Saa ya Barnabas

Mume wangu Barnabas aliokoka Agosti ya mwaka 1989, na kila Agosti tangu hapo amekuwa akipotea upya mbele ya watu ili aokoke tena. Nasema hivi bila kumdhihaki, au nikimdhihaki kidogo tu, kwa sababu mke naye ana haki zake. Sisi ni Wasabato. Kila mwaka tunakwenda makambi, wiki nzima ya kukaa pamoja kwenye uwanja wa shule, tukilala madarasani, tukipika pamoja, tukisikiliza neno tangu alfajiri. Na katika kila makambi kuna saa moja ambayo hata watoto wananyamaza. Ni Sabato alasiri, baada ya chakula. Kwenye ratiba huandikwa Ushuhuda, lakini watu wetu wa Migori huiita Saa ya Barnabas.

Kabla ya kuokoka alikuwa mpiga gitaa. Bendi yao ilizunguka ziwa lote la upande wetu, Muhuru Bay, Mfangano, mpaka Homa Bay, wakipiga kwenye matanga na kwenye baa. Hilo ni kweli. Mengine yamekuwa yakinenepa. Mwaka wa kwanza alisema alikuwa anakunywa chupa tatu kwa usiku. Mwaka wa tatu zikawa sita, na mwaka 1995 kule Rongo nikasikia kreti. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia mlango, na nawaambia mtu huyu glasi mbili zilikuwa zinamlaza na viatu. Gitaa lake ameshalichoma moto mara mbili na kulizamisha ziwani mara moja, na mpaka leo liko Muhuru kwa kaka yake, limekatika uzi mmoja tu.

Hayo watu huyacheka, naye huwaacha wacheke. Wanachosubiri ni sehemu ya Jeff.

Jeff alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Alikufa mwaka 1988, ana miaka minne, kwa malaria iliyompanda kichwani, tukiwa tumepanga chumba kimoja hapa Migori. Barnabas alikuwa kisiwani Mfangano, akipiga kwenye matanga ya tajiri mmoja wa samaki, siku tatu mfululizo. Nilimtumia karatasi kwa mkono wa mama muuza omena, dagaa wa ziwani. Niliandika: Mtoto ni mgonjwa, njoo. Karatasi ilimfika. Akasema amalize kwanza usiku ule mmoja, maana wenye matanga walikuwa wamekwisha kuchinja na wageni wamejaa. Alipovuka ziwa na kufika nyumbani alikuta wanawake wamekaa chini nje ya mlango wetu.

Basi akifika hapo jukwaani, sauti yake hushuka. Husema, "Nilikuwa na karatasi mfukoni, na nikapiga wimbo mwingine." Uwanja mzima hulia. Kisha mhubiri hupanda na kuwaita wanaotaka kuanza maisha mapya, nao hutoka kwa makumi. Mzee wa kanisa letu, Mayaka, ambaye ndiye hupanga safari zote za Barnabas, husema hakuna mahubiri yanayovua watu kama karatasi ile.

Mimi hukaa mstari wa mbele. Watu hunitazama waone nimelipokeaje, nami hutazama viatu vya Barnabas. Nitasema ukweli, kwa sababu bila huo sina cha kusimulia. Nilikuwa naipenda sehemu ile. Kila Agosti mume wangu alisimama mbele ya umati akasema ni yeye aliyemwua mtoto wetu, nami nilirudi nyumbani nimetulia kwa miezi miwili, mitatu. Halafu utulivu ulikuwa ukiisha. Nilianza kufua nguo zilizokuwa safi. Nilikwenda sokoni nikarudi bila kile nilichoendea. Nilikuwa naamka nimekwisha kuudhika, na sijui nimeudhiwa na nani, mpaka Agosti nyingine ifike.

Wakati huohuo tuna binti. Mourine alizaliwa mwaka ule Barnabas aliookoka, na mwaka 1996, mwaka ninaousimulia, alikuwa anakaribia miaka saba. Baba yake ni fundi wa redio, ana kibanda karibu na soko. Kuanzia Julai mpaka Septemba redio za watu zilikuwa zinakaa pale na matumbo nje, kwa sababu fundi ameitwa Rongo, ameitwa Isebania, ameitwa Kendu Bay kusema habari za Jeff. Mourine alikuwa akiimba kwaya ya watoto na baba yake hajui anaimba sauti gani. Alipong'oka jino la kwanza alilifunga kwenye karatasi, akamwekea baba amwonyeshe. Lilikaa juu ya kabati siku kumi na moja. Nilizihesabu hizo siku, sikumwandikia hata neno, nikazitunza moyoni kama mtu anayeweka kuni.

Mwaka huo makambi yalikuwa karibu na Homa Bay, kwenye uwanja wa shule ya msingi, mwendo wa baiskeli kutoka mjini. Tulifika Jumanne. Alhamisi baada ya chakula nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta sufuria, nikakuta watoto wanacheza makambi. Hilo si ajabu, watoto wa kanisa hucheza kanisa. Kijana mmoja wa Kendu alikuwa amesimama juu ya tofali na gunzi la mahindi mdomoni, ndiyo maikrofoni. Wengine wamekaa chini wanalia kwa kujitahidi. Na mbele yao, juu ya leso yangu, Mourine alikuwa amelala chali, amefumba macho, mikono kifuani.

Nilimwuliza anafanya nini. Bila kufumbua macho akajibu, "Mimi ndio Jeff. Nimekufa."

Nilimwinua kwa mkono mmoja, na sikumwinua kwa upole. Nilimburuta mpaka nyuma ya choo nikamwuliza nani amemfundisha mchezo wa namna hiyo. Hakulia. Mourine halii ovyo. Alinitazama kama mtu mzima anayejaribu kuelewa sheria ya mahali, kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku ile sijalala nikalisahau.

"Baba huwa anasema Jeff kila mahali. Mimi hajawahi nisema. Mpaka nikufe ndio atanisema?"

Nilimwambia anyamaze. Nilimfunga leso kiunoni, nikamtuma kwa watoto wenzake, kisha nikaenda kuosha sufuria ambazo Mama Roseline, shemasi mkuu wa jiko, alikuwa ameshaziosha. Aliniita mama wa Jeff kwa Dholuo, "Min Jeff, utatoboa hizo vyombo." Nikaendelea kusugua.

Ijumaa jioni, tunaikaribisha Sabato kwa nyimbo, Mourine aliegemea bega langu na bega langu likaungua kwa joto lake. Nilimpa dawa ya maji niliyokuwa nayo, akatapika. Asubuhi alikunywa chai kidogo, nikajidanganya kwamba ni nafuu. Wanaume walikuwa wanalala darasa lao upande wa pili wa uwanja, na Barnabas, kama kila Sabato ya ushuhuda, alikuwa amejifungia na wahubiri tangu alfajiri, wanafunga na kuomba. Hapo mtu haitwi. Ni kama desturi iliyoandikwa mahali, ingawa sijui imeandikwa wapi. Kufika saa saba mchana mtoto alikuwa anatetemeka juani na macho yake yanaangalia kitu ambacho mimi sikioni.

Nilimwita Mama Roseline. Alimshika paji la uso, akasema ni joto la watu wengi na vumbi, tumpanguse na maji. Nilimwambia aende kwa wahubiri amwite Barnabas. Alisita. Mama Roseline si mtu mbaya, amewalea watoto wa watu wengi kuliko wake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Barnabas anapanda saa nane, ni kiasi cha kungoja saa moja tu, na roho za watu zinangoja uwanjani. Akimaliza atashuka, amkute mwanawe, tuombe pamoja. "Hata yeye angekuambia ungoje," akasema.

Basi nikakaa. Hilo ndilo jambo la kutisha. Nilikaa chini kwenye sakafu ya darasa, nikachovya kitambaa, nikampangusa Mourine, na moyoni nikasikia kitu kinatulia, kitamu kabisa, kinasema: mwache. Mwache apande, aseme ya Jeff, apigiwe amina. Kisha ashuke amkute hivi.

Nilikijua kitu kile. Nilikuwa nimekaa nacho mara moja kabla.

Mwaka 1988 hospitali ya Migori ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chumba chetu. Nilikuwa na miguu. Jirani alijitolea kumbeba Jeff mgongoni, nikamwambia bado, baba yake yuko njiani. Siku ya kwanza nilituma karatasi na nikakaa. Siku ya pili nikakaa. Watu wote niliwaambia, na Barnabas pia, kwamba homa ilikuwa ndogo, ikapanda ghafla usiku ule na kufika asubuhi mtoto hayupo, kwamba hakuna ambacho mtu angefanya. Haikuwa hivyo. Nilikuwa na siku mbili. Sikuzitumia kwa sababu nilitaka mume wangu afungue mlango na gitaa lake begani, amkute mtoto anaungua, na aone aibu. Sikutaka Jeff afe. Nilitaka tu akutwe.

Na miaka saba mtu yule alikuwa akisimama jukwaani kubeba mizigo miwili, wake na wangu, mimi nimekaa mstari wa mbele nikiangalia viatu.

Nilisimama. Nilimfunga Mourine mgongoni kwa leso, nikachana karatasi nyuma ya kitabu changu cha masomo, nikaandika: Mourine ana homa kali. Tumeenda hospitali. Sikuandika njoo. Nikampa Mama Roseline, nikamwambia ampe Barnabas mkononi hata kama anaongea na malaika. Akaangalia mlango, akaniuliza nitakwendaje, leo Sabato, hakuna gari la kanisa, na kukodi chombo siku takatifu watu watasemaje. Nilimjibu kwamba Bwana mwenyewe aliwauliza kuhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na huyu hana hata pembe. Halikuwa jibu la heshima. Alinitazama, kisha akavua kanga yake ya bega akamfunika mtoto kichwa, akaondoka na karatasi karibu akikimbia.

Barabarani nilipata mtu wa bodaboda, mwenye baiskeli, Mkatoliki ambaye Sabato yetu haikumhusu. Nilikaa nyuma Mourine amelala mgongoni mwangu, joto lake linapita nguo zangu mpaka kwenye ngozi. Njia ile inazunguka uwanja kabla ya kushuka mjini, na vipaza sauti vilikuwa vimeelekezwa barabarani ili wapita njia nao wapate neno. Kwa hiyo tulikwenda na sauti ya Barnabas. Nilisikia chupa. Nilisikia gitaa likichomwa. Nilisikia watu wakicheka, halafu wakinyamaza, nikajua amefika Mfangano.

"Nilikuwa na karatasi mfukoni," ikasema ile sauti.

Kisha hapakuwa na kitu. Nilingoja wimbo mwingine. Haukuja. Hata mwendesha baiskeli alikigeuzia sikio kimya kile, akaniuliza kama jenereta ya watu wa makambi imezimika. Nilimwambia aendeshe.

Hospitalini walimpokea Mourine upesi. Daktari alimtazama macho, akasema malaria, akasema tumewahi lakini si kwa sana, wakamtundikia dripu ya kwinini. Lile neno tumewahi lilinifanya nishike ukuta. Nilikuwa bado nimeushika Barnabas alipoingia na suti yake ya ushuhuda, suruali nyeupe kwa vumbi mpaka magotini, soksi moja imeshuka. Alikuwa amekimbia sehemu kubwa ya njia. Mkononi alikuwa na karatasi yangu, imelowa jasho. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwita binti yake jina lake lote, mara nyingi, kama mtu anayejifunza kulitamka.

Jumapili asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mourine alilala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Sisi wawili tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Barnabas alikuwa akimshukuru Mungu, akisema safari hii amemwachia mtoto, akaanza kusema habari za mwaka 1988, kwamba kama asingepiga ule wimbo. Nikaona jukwaa linajengwa palepale kwenye benchi, na mimi nimekaa mstari wa mbele.

Nilimwambia anyamaze, kisha nikamwambia. Sikuchagua maneno. Nilimwambia jirani aliyetaka kumbeba Jeff. Nilimwambia nusu saa. Alisikiliza akiangalia chini.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Mbili."

Aliinuka akaenda. Alipita geti, akakunja kuelekea ziwani, nikampoteza machoni. Nilirudi ndani nikanyoosha shuka. Nikaikunja kanga ya Mama Roseline, nikaikunjua, nikaikunja. Nilitoka mpaka getini mara nne, mara ya tano askari akaniuliza ninamtafuta nani, nikarudi ndani. Mourine aliamka akauliza baba ameenda kusema wapi. Nilimwambia hajaenda kusema, ameenda kutembea. Aliona jambo hilo geni sana.

Alirudi karibu saa sita. Hakukaa. Alisimama upande wa pili wa kitanda na kuongea taratibu, kwa Dholuo, ili wagonjwa wengine wasishike yote, ingawa nusu ya wodi ni Wajaluo na walishika yote.

"Miaka saba nimejipiga mbele ya watu," akasema. "Na wewe umekaa hapo mbele unaniona."

"Ndiyo," nikasema. "Na nilikuwa nafurahi."

Sijui mtu mwenye busara angesema nini. Mimi nilisema hilo kwa sababu ndilo lililobaki, na kama ningelificha ningelirudi kwenye sufuria zangu. Uso wake ulibadilika. Nilifikiri atanipiga, jambo ambalo hajawahi, hata siku za gitaa. Akasema, "Wewe ni mtu mbaya, Benta." Nikasema ndiyo. Nikamwambia naomba anisamehe, si leo, akiweza. Alikuwa amefungua mdomo anijibu, Mourine aliposema dripu imeisha, hewa inaingia kwenye mpira. Barnabas alikwenda mbio kumwita nesi. Akarudi naye, akashika mkono wa mtoto sindano ikitolewa, na mazungumzo yetu yakabaki palepale hewani, hayakumalizika siku ile wala siku iliyofuata.

Tuliruhusiwa Jumanne, tukarudi Migori. Wiki ile nyumba yetu ilikuwa kimya. Barnabas aliongea na mimi kuhusu chumvi na kuhusu maji. Kitandani alielekea ukutani. Lakini kila asubuhi alifungua kibanda, na jioni redio moja ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, inaongea. Jioni alikaa na Mourine akamsikiliza nyimbo za kwaya, akagundua anaimba sauti ya pili na anaikosea. Alimrekebisha. Nilisikiliza nikiwa jikoni, sikuthubutu kuingia, nikahofia kwamba nikiingia tu kitu kile kitavunjika.

Ijumaa Mzee Mayaka alipita. Hakuwa na hasira, alikuwa na masikitiko. Alisema watu wa Homa Bay waliachwa njiani, Barnabas alisoma karatasi, akaweka maikrofoni chini na kuondoka, kwaya ikabidi iimbe nyimbo nne. Kesho kanisani kwetu angempa nafasi amalize, wageni wengi wamekuja kwa sababu hiyo. Barnabas alifikiri, akasema sawa.

Hapo ndipo nilipojua hofu. Mtu yule sasa alikuwa na ushuhuda ambao hakuna jukwaa limewahi kuusikia. Karatasi mfukoni si kitu tena. Alikuwa na mke aliyekaa siku mbili. Akiusema huo watu watatoka Tanzania kuja kusikiliza, na ni haki yake, nilimpa mwenyewe pale kwenye benchi. Nilifikiri nikatae kwenda, niseme mtoto bado dhaifu. Lakini Mourine alikuwa amevaa sare ya kwaya tangu alfajiri. Nikaenda, nikakaa mstari wa mbele mahali pangu, nikamshika mtoto mkono, mkono wangu umelowa. Nilimwambia Mungu kwamba akisemwa Jeff na nikisemwa mimi, nitakaa. Sitatoka nje. Nilishatoka nje ya jambo hili miaka minane.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mzee Mayaka alimkaribisha kwa maneno mengi. Barnabas alipanda. Hakuwa na suti, alikuwa na shati la kazini lililopigwa pasi. Alisimama muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. Aliniangalia. Nilimwangalia usoni, si viatuni, na sikujua atafanya nini. Ninaapa sikujua.

"Nina binti anaitwa Mourine," akasema. "Wiki jana alikuwa na malaria. Leo asubuhi ameamka, mimi nimempikia uji, amekunywa vikombe viwili. Bwana asifiwe."

Watu wakasema amina, wakangoja. Hakuongeza. Alishika ngazi ashuke. Mzee Mayaka, pale kitini, alimwambia kwa upole kwamba bado kuna muda, aendelee, wageni hawajasikia habari ya Jeff.

Barnabas aligeuka. "Jeff amelala, Mzee," akasema. "Atalala mpaka parapanda. Tumwache alale."

Akashuka. Palikuwa na kimya cha watu walioandaliwa karamu wakaletewa maji, na nyuma mtu mmoja akauliza kama amemaliza. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Barnabas hakwenda kukaa na wazee. Alikuja mstari wetu, akaketi upande wa pili wa Mourine, anapumua kama aliyepandisha mlima. Hakunitazama. Lakini aliketi.

Mourine alikuwa amenyooka wima, macho mbele, kama mtu aliyepigwa picha. Kwaya ilipoanza kusimama alinivuta sikio mpaka kwenye mdomo wake.

"Havikuwa viwili," akaninong'oneza. "Vilikuwa viwili na nusu. Umwambie baba, wakati mwingine aseme vizuri."